Miti Ina Wenyewe

Fundi cherehani na kina mama wenzake wa kanisani ndio waliopanda miche kwenye mteremko uliomeguka kwa mafuriko. Kiangazi kizima waliibebea maji kichwani. Siku wageni wa shirika la mazingira walipokuja kuiona, shemeji yake fundi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alikaa mbele kanisani na wanaume sita, na kina mama wakaambiwa wakachemshe chai.

"Tumehangaika mno na miti hii," mwenyekiti alisema bila haya.

"Ni miti gani hasa?" mgeni mmoja aliuliza.

Mwenyekiti alikohoa. Wenzake wakainamia viatu vyao.

Fundi alilitua birika mezani kwa kishindo. "Shemeji, hata majina yake huyajui! Kupanda tupande sisi, kusifiwa msifiwe nyinyi?"

"Shemeji, hii ni nyumba ya Mungu," mwenyekiti alinong'ona.

"Basi usiseme uongo ndani yake."

Mchungaji aliinuka, akampa fundi kiti chake. Wageni walimsikiliza saa nzima. Jumapili iliyofuata kina mama wanne waliingia kwenye kamati. Shemeji yake hamsalimii mpaka leo, na wala jambo hilo halimnyimi fundi usingizi.