Bukari Iliyonuka Tairi

Tatiana Mbuyu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pembezoni mwa Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika kibanda ambacho mume wake alikijenga miaka michache kabla ya kufariki. Injini yake ilikuwa ya mazutu, dizeli ile ile ya malori, na maadamu mazutu yalipatikana hakuna aliyeyafikiria. Kisha mvua zikaharibu barabara, malori ya mafuta yakakwama huko mpakani, na Kolwezi nzima ikabaki na madumu matupu. Mashine ikanyamaza. Wanawake wa mtaa wakawa wanapita mlangoni kwake na mabeseni ya mahindi kichwani, wakienda kusaga mbali kwenye mashine za umeme, wakimsalimu kwa sauti ya kumwonea huruma. Sauti hiyo ilimchoma kuliko hasara.

Mdogo wake Gracien alikuwa na dawa yake. Aliwahi kufunga matairi kwenye karakana ya mgodi, na tangu aachishwe kazi alikuwa amesimika pipa la chuma nyuma ya nyumba. Alilijaza vipande vya matairi chakavu, akaliziba kwa udongo mfinyanzi, akakoka moto chini yake. Kwa kuwa hewa haikuingia, matairi hayakushika moto. Yaligeuka mvuke, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa majini, na mwisho wa bomba yakadondoka mafuta meusi yenye harufu kali.

“Yaya, inawaka sawa mazutu,” alimwambia dada yake. “Nilijaribu ku jenereta ya jirani.”

“Ile injini ni ya bwana yangu, Gracien. Ikikufa, mi nitabakia na nini?”

Akamkatalia, na pengine angeendelea kumkatalia kama Tata Kankolongo asingefariki. Mzee huyo alikuwa jirani yao, karani wa zamani wa mgodi, mtu wa asili ya Kasai. Mjane wake, Mama Mbombo, alituma mahindi kwa Tatiana na ujumbe mfupi: wageni wa kilio wako njiani, wanakuja kwa treni, na nyumbani hakuna unga. Tatiana aliyatazama yale magunia kwa muda. Kumrudishia mfiwa mahindi yake hakuweza. Akamwita Gracien alete mafuta yake.

Injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma kama zamani. Moshi mweusi ukatoka kwenye ekzosi fupi iliyoishia chini ya bati, ukajaa kibandani na kuwatoa machozi. Lakini unga ulitoka, mweupe na wa moto. Tatiana alisikia harufu ya mpira, akadhani imeganda kwenye nguo zake. Alimkumbatia mdogo wake, akafunga magunia, akayapeleka.

Kesho yake alikwenda kilioni, akaketi mkekani pamoja na wanawake wengine. Chakula kikaletwa: bukari, yaani ugali wa mahindi, samaki, na majani ya mihogo. Mbele yake alikuwa mzee mmoja aliyetoka Mwene-Ditu, huko Kasai, bado ana vumbi la safari begani. Mzee akamega tonge, akalifikisha mdomoni, akasita. Akalirudisha kwenye sahani polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana, akachukua samaki peke yake. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Sahani za bukari zikarudi jikoni zimejaa.

Tatiana akamega tonge lake. Lilikuwa na ladha ya tairi.

Aliinuka, akaenda kupiga magoti kando ya Mama Mbombo.

“Mama, ile bunga ni mi niliiharibu. Tulitia mafuta ya mipira mu injini, moshi iliingia mu bunga.”

Mama Mbombo aliinua kichwa. “Bageni balilala mu treni,” alisema. “Balikuja kulilia bwana yangu, na banalala njaa kwangu.” Akamwashiria mlango. “Wende, mama. Leo sina nguvu ya kukasirika.”

Heri angemtukana. Tatiana alirudi nyumbani, akachukua unga wote aliokuwa ameuweka kwa ajili ya watoto wake, akazunguka madukani kutafuta mwingine. Alirudi kwa mlango wa nyuma, akajifunga kitenge kiunoni na kusonga bukari pamoja na wapishi, siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka wageni walipoondoka. Mama Mbombo alimwona, akamwacha aendelee.

Ndipo alipomfuata Gracien.

“Lakini injini haikuharibika,” alijitetea Gracien.

“Injini haikuli bukari. Ni batu banakula.”

Gracien aliinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba hata majirani zake walikuwa wamechoka kukohoa. Wiki hiyo alilihamisha pipa kwenye uwanja wa matofali ulioachwa, kwenye njia ya kwenda Lubudi, mbali na nyumba za watu. Akaanza kuyachemsha mafuta yake mara ya pili, kwa moto mdogo, na kuyachuja kwa mkaa na udongo uliookwa. Harufu ikapungua, haikuisha. Akawaendea wanawake wanaokaanga vitumbua sokoni, akaomba mafuta waliyokuwa wakimwaga, akayachuja na kuyachanganya na yake. Moshi ukawa mwepesi. Tatiana naye hakukubali injini iwashwe mpaka ukuta utobolewe na ekzosi ipandishwe juu ya paa.

Mvua zikaisha, malori yakarudi, lakini hawakuacha majaribio yao. Mwezi wa sita baridi ya asubuhi iliyagandisha mafuta kama siagi, injini ikazimika katikati ya kazi. Gracien alitupa spana chini.

“Yaya, tuache. Mazutu iko, tununue tu.”

“Na ikipotea tena?” Tatiana aliiokota spana, akaanza kufungua nozeli mwenyewe. “Leta maji ya moto.”

Walipoisafisha, Gracien akalizungusha bomba la mafuta karibu na ekzosi ili lipate joto, na wakajizoeza kuiwasha injini kwa mazutu ya kawaida kwanza, kisha kuibadilishia mafuta yao ikishapata moto. Unga wa kwanza uliotoka baada ya hapo Tatiana hakumpa mtu. Aliusonga bukari, akamwekea mdogo wake, wakala pamoja.

“Unasikia nini?” Tatiana akauliza.

“Nasikia bukari.”

Tatiana akamega tena, akatafuna kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akajaza beseni, akalifunika kwa kitambaa, akaenda nalo kwa Mama Mbombo. Walikuwa hawajazungumza tangu kilio, zaidi ya salamu za njiani.

Mama Mbombo alifunua kitambaa, akainama na kunusa. Akachota unga kidogo kwa vidole, akauweka ulimini. Tatiana alisubiri amesimama.

“Kankolongo hakukulaka bukari ya baridi hata siku moja,” alisema mwishowe. “Ikikuwa baridi kidogo, ananirudishia sahani. Miaka yote ile.” Uso wake ulikaribia tabasamu. “Ikala chini, Mama Tatiana. Usisimame sawa mugeni.”

Tatiana akaketi. Mama Mbombo akatia mkaa kwenye jiko la mbabula, akabandika sufuria ya maji, na walipokuwa wakisubiri yachemke akaanza kumsimulia habari za mume wake.