Koti Lililofumuliwa

Juu ya mlango wa duka la fundi cherehani kulikuwa na kibao cha maandishi mekundu: KAZI YA HAPA HAIFUMULIWI. Alikiandika mwenyewe mwaka alioanza kazi, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyempa sababu ya kukishusha. Nguo ikitoka mikononi mwake, imetoka. Mteja akirudi kulalamika kwamba kiuno kinabana, fundi alifungua daftari la vipimo taratibu na kumsomea kiuno alichokuja nacho siku ile, mbele ya watu. Wengi waliishia kucheka na kuagiza suruali nyingine.

Sasa mtu wa namna hiyo akapata habari kwamba binti yake wa pekee, muuguzi, amechaguliwa katika hospitali nzima kwenda kwenye safari ya chanjo ya siku arobaini. Gari moja, watu sita. Wangeanzia tambarare za joto kali, wapite mabonde ya mvua, wamalizie milimani, ambako asubuhi maji ya kwenye ndoo hukutwa yameganda. Kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Muuza nyama wa jirani, aliyekuwa ameambiwa mara tatu, aliomba ya nne aambiwe kesho.

Kisha fundi akatangaza kwamba binti yake hatanunua koti. Koti litatoka hapa hapa.

Alilishona kwa siku tisa. Nje aliweka sufu nzito. Katikati aliweka tabaka la pamba, akalipiga mishono ya miraba, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ndani kabisa akatia bitana ya nailoni, ile ya miavuli, ili upepo usipate pa kupenya. Fundi mwenyewe hakuwahi kusafiri zaidi ya nusu siku, na baridi ya milimani aliijua kwa kusimuliwa tu, kwa hiyo aliishonea kwa hofu ya mtu asiyeijua. Alipolivisha kwenye sanamu ya dukani, mabega ya sanamu yalilalia upande. Watu waliingia kulipapasa. Fundi akavimba kichwa, na tuseme ukweli, lilikuwa koti la kuvimbia kichwa.

Binti alilijaribu, akamkumbatia baba yake, akasema hajawahi kuvaa kitu kizuri kama hicho. Habari za uzito hakuzigusa.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya safari, fundi aliingia chumbani kwa binti yake kumpelekea vifungo viwili vya akiba. Binti alikuwa ametoka kwenda kuwaaga majirani. Begi lilikuwa limefungwa tayari, limejaa hadi zipu inalalamika. Kitandani kulikuwa na vitu vilivyokosa nafasi: viatu vya mpira, koti la mvua la plastiki, sweta, soksi jozi nne, na kipima presha alichojinunulia kwa mshahara wake wa kwanza, ambacho hakuwahi kwenda kazini bila kuwa nacho. Ukutani ilibandikwa karatasi ya maagizo ya safari. Kila mtu begi moja, kilo saba, kwa kuwa nafasi kwenye gari ni ya masanduku ya chanjo. Kitakachozidi kitaachwa.

Fundi alisoma karatasi ile mara mbili. Halafu alilibeba begi hadi kwa muuza nyama na kuomba litundikwe kwenye ndoano ya mizani.

"Fundi, humu kuna safari au kuna paja la ng'ombe?" muuza nyama aliuliza.

Mshale ulisimama kwenye saba kasoro kidogo. Fundi akalitoa koti begini, likatundikwa peke yake. Kilo tatu na nusu.

Muuza nyama aliangalia mshale, akamwangalia jirani yake, na utani ukamwisha. "Nusu ya safari ya mtoto umeichukua wewe," alisema.

Maneno hayo yalimwingia. Fundi aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu alijua kwamba kilichokuwa kinapanda milimani ndani ya begi lile ni jina lake, na aliyeachwa kitandani ni binti yake.

Binti alimkuta dukani, koti liko juu ya meza ya kukatia, wembe mkononi.

"Baba, liache. Nimeshajipanga."

"Umejipanga kulowa, mama."

"Nitazoea. Mtaa mzima unajua naondoka na koti lako. Nikiliacha, watakucheka."

"Wakicheka watanicheka mimi, na mimi nipo hapa hapa. Wewe ukilala na homa huko, nani atachanja watoto wa watu?"

Alipoinamisha wembe kwenye mshono wa kwanza, binti alimshika mkono. "Baba, na kile kibao?"

"Kibao nilikiandika kabla hujazaliwa," fundi alisema. "Nilikuwa sijui lolote."

Akafumua. Sufu aliiweka kando yote. Tabaka la pamba akalikata mikono, likawa kizibao chepesi. Bitana ya nailoni akaishona upya, akaitia kofia, ikawa koti la mvua linaloingia mfukoni. Kisha akaweka vifungo ili viwili hivyo viungane: jua likiwaka, vyote begini; mvua ikinyesha, nailoni; ubaridi ukija, kizibao; na milimani vyote pamoja, juu ya sweta. Binti alikaa karibu naye akiokota nyuzi, na mara mbili fundi alimwona anafuta macho.

Kwenye mizani ya muuza nyama, nguo zote mbili hazikufika kilo moja. Viatu, sweta, soksi na kipima presha vikaingia. Koti la plastiki likabaki, halina kazi tena.

Ijumaa asubuhi kiongozi wa msafara alipima mabegi sita pale hospitalini. Matano yalizidi, na wenyewe wakaanza kufungua zipu na kubishana. La binti wa fundi lilikuwa na kilo sita na nusu. Kiongozi alimuuliza kama hajasahau kitu.

"Sijasahau," binti alijibu, kwa sauti ya kusikika hadi getini alikosimama baba yake. "Mimi nimefungiwa begi na fundi."

Gari lilipoondoka, fundi alirudi dukani kifua mbele. Akachukua lile ganda la sufu, lisilo na ndani, mishono yake ikiwa wazi, akalitundika mlangoni chini ya kibao. Mteja wa kwanza alilishika bega, akauliza linauzwaje.

"Hilo haliuzwi," fundi alimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yangu bora. Nimeifumua mwenyewe."