Nta kwenye Tangi la Hewa

Melkior alirudi kazini hasira zimeshamtangulia. Homa ilikuwa imemlaza nyumbani Shanwe siku nyingi, mdomo mchungu, miguu haimtii, na hukohuko kitandani habari zikamfikia kwamba kompresa yake, ile mashine ya kushindilia hewa ya kutobolea miamba, imetengenezwa. Na nani? Na Kashinje. Kashinje fundi wa mabomba ya maji, mtu ambaye tangu azaliwe hajashika kitu chenye presha kuzidi bomba la bustanini kwa mapadre! Jamani, mtu akiugua kidogo tu basi kila mwenye spana anakuwa fundi?

Lakini amkasirikie vipi? Kashinje alikuwa mtani wake. Melkior Mfipa, Kashinje Mnyamwezi wa Kaliua, na matusi yao yalikuwa burudani ya mtaa mzima wa Kawajense. Kashinje alimwita mchawi mbele ya mkewe na kumtakia afe upesi amrithi baiskeli. Melkior naye alimwahidi kumzika bila sanda. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa, na wazee watakutoza.

Alipofika karakana aliinama moja kwa moja pale bomba la hewa ya moto linapoingia tangini, mahali palipokuwa pakivuja. Akanusa. Asali. Akakwangua kwa ukucha, ikatoka nta ya nyuki, njano, laini, imezungushiwa katani nene kwenye nyuzi za skrubu za kiungo. Damu ikampanda kichwani. Nyuzi za tangi la hewa hupakwa ile dawa nzito ya kopo, na katani kidogo tu, kisha unaiacha ikauke hadi iwe ngumu. Dawa ilikuwa imekwisha, nyingine ilisubiriwa ije na treni kutoka Tabora, na Kashinje hakuwa na subira. Nta imezuia maji yake miaka yote, kwa nini isizuie hewa?

Melkior akamwendea Bartolomeo, msimamizi wa karakana, akamweleza kwamba maji ni baridi lakini hewa ikishindiliwa inachemka, na nta kwenye moto inakuwa uji. Bartolomeo alimsikiliza huku akitazama lori lililongoja kuibeba kompresa. Kule kijiji kipya upande wa Mpimbwe kisima kilikuwa kimegonga mwamba, wanawake wanachota dimbwi moja na ng'ombe, na wakubwa wanauliza kila siku mashine iko wapi. Akasema kiungo kilipimwa kwa povu la sabuni na hakikutoa hata kiputo kimoja. Kilipimwa tangi likiwa baridi, Melkior akamjibu. Basi iwashwe tena, akasema Bartolomeo, tuone.

Ikawashwa. Ikanguruma, sindano ya geji ya presha ikapanda, na wafanyakazi wakasogea kutazama. Kashinje alikuwa amesimama mbele kabisa, kifua mbele, akiwaambia watu kwamba Mfipa ana wivu kwa sababu uchawi wake umeshindwa na nyuki. Watu wakacheka. Sindano ilipokaribia mwisho, nta ikaanza kuchuruzika ubavuni mwa tangi, na hewa ikapiga mluzi.

Kashinje hakushtuka. Alifanya lile ambalo angelifanya kwa bomba lolote la maji: alichukua spana kubwa ili akikaze kiungo. Kukaza kiungo tangi likiwa limejaa! Hicho ni kitu ambacho Melkior hakukifanya hata siku moja, kwa sababu nyuzi zikiteleza, chuma kinatoka kwa kasi ya risasi na kinapita popote kinapotaka. Na Kashinje alikuwa ameinamia palepale, uso mbele.

"Acha hiyo spana," Melkior alisema. "Utakufa."

Kicheko kikalipuka. Kashinje akajibu bila kugeuka kwamba akifa, Wafipa wasikaribishwe kwenye ubwabwa. Melkior akapaza sauti, akamwambia kweli, nakuambia kweli utakufa, na kadiri alivyofoka ndivyo walivyoshika mbavu. Hata Bartolomeo alikuwa anafuta machozi. Wapuuzi hawa! Miaka yote amemtabiria Kashinje kifo asubuhi na jioni, leo nani atamsadiki? Spana ikashika kiungo. Kashinje akavuta pumzi ili akikaze.

Melkior akampiga. Si kofi la utani. Ngumi ya mdomo, yenye homa yote na hasira yote ndani yake, na Kashinje akaanguka chali, jino likabaki vumbini. Kicheko kikakatika. Melkior akazima injini, akafungua valvu ya chini, hewa ikatoka ikivuma hadi geji ikalala. Kisha akakifungua kile kiungo mbele yao wote. Hakuhitaji spana. Kilizunguka kwa vidole kikatoka, kwa maana katani nene ilizuia nyuzi zisishike sawasawa.

Kashinje alikitazama kwa muda mrefu, kitambaa mdomoni.

Wazee wakawakalisha. Melkior akatozwa kuku, akalipa, akaomba radhi huku meno ameyauma. Kashinje alikubali radhi. Alikubali hata zaidi ya hilo.

"Najua ameniokoa," alisema. "Watoto wangu wana baba kwa sababu yake. Lakini mtani hapigi. Aliyenipiga si mtani tena, ni mtu tu."

Kiangazi kile mama yake Melkior, bibi Pelagia, akafariki. Melkior alimngoja Kashinje tangu alfajiri. Alimngoja aje awanyang'anye wachimbaji majembe, alale kaburini, adai kwamba bibi alimwachia kitanda, awachekeshe waliao kama mtani anavyopaswa. Kashinje akaja. Akavua kofia, akampa mkono kwa adabu zote.

"Pole sana, Ndugu Melkior," alisema, maneno yakipenya kwenye pengo la jino. "Mungu amlaze mama mahali pema."

Akaenda kukaa mkekani na wageni. Kaburi likafukiwa bila mtu kucheka. Melkior alisimama ukingoni amekunja ngumi, hasira zimemjaa, na katika umati wote ule hapakuwa na mtu wa kumtukana.