Mkwe Mwenye Upepo wa Kulia

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Wanyakyusa wana mwiko wao: mke wa mwana halitamki jina la baba wa mume. Mimi, binti wa Kihehe, niliolewa pamoja na mwiko huo, kama mtu aliyenunua ng'ombe akapewa na kupe wake. Siku nilipoingizwa nyumbani kwao, mama mkwe alinikalisha jikoni akanifunda. Usimtazame. Usiseme naye. Usipite njia anayopita, na akitokea ghafla jifunike uso ujiondoe. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba baba mkwe naye amefungwa vilevile: hakukaribii, hasemi nawe, hakuiti jina lako. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata, na sehemu hiyo ya pili ni kama ilizikwa naye. Pale nyumbani niliikumbuka mimi tu.

Tulikuwa tunaishi Mufindi, kwenye shamba la chai juu ya Nyololo. Mume wangu Isakwisa alikuwa karani wa stoo, mimi nikifundisha darasa la kwanza. Shamba lilikuwa na bwawa la kumwagilia, na kando ya bwawa kulikuwa na banda la mashua tulizoachiwa na Wazungu. Vilikuwa vidau vya mbao nyembamba, vya watu wawili, tanga kubwa nyuma na dogo mbele, vyote vya kipimo kimoja ili anayeshindwa asisingizie chombo. Baba mkwe alikuwa fundi mkuu wa pampu. Miaka yote ya meneja Mwingereza alikaa mbele ya kidau, akimshikia bwana kamba na kurushiwa maji usoni. Bwana alipofunga mizigo yake, mzee akaushika usukani akasema hataketi mbele tena mpaka azikwe. Kwa hilo peke yake nilimwelewa. Mimi pia niliingizwa kwenye kidau ili nimshikie mume wangu kamba, na haikuchukua muda tukabadilishana nafasi, maana upepo ukikaza Isakwisa hufumba macho.

Mzee hakunipenda tangu harusi, kwa sababu alikwisha kumchagulia mwanawe msichana wa Tukuyu. Usukani uliikoleza tu chuki hiyo. Alitangaza mbele ya watu kwamba mke akikaa nyuma na mume mbele, nyumba yao imejengwa paa chini. Alisema pia kwamba siku nikipika mimi, watu wahesabu kwanza mbwa wa shamba, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Angekuwa mtani wangu ningecheka na kumrudishia. Lakini mkwe si mtani, na yeye hakuwa anatania.

Chama chetu cha mbio za vidau kilikuwa na desturi moja. Anayeshinda mbio za Septemba hushika funguo za banda mwaka mzima, na mwenye funguo ndiye anayesema nani aingie majini na nani abaki nchi kavu. Mwaka sabini na mbili nilishinda mimi, mzee akiwa msibani Kyela. Mwaka sabini na tatu alikuwepo, na alikwisha kusema kwamba funguo zikimfikia, hakuna mwenye sketi atakayegusa usukani. Mimi katika wiki nzima nilikuwa na Jumapili tu ambayo hakuna mtu aliyeniambia la kufanya, na Jumapili hiyo ilikuwa juu ya maji. Sikuwa tayari kuitoa.

Mwenye funguo ndiye huandaa mbio, kwa hiyo maandalizi yalikuwa yangu. Hebu jaribu kuandaa mbio ambazo nusu ya shughuli iko mikononi mwa mtu usiyeruhusiwa kumwona. Nilitengeneza gati mbili, moja yake na moja yetu, na njia mbili za kuzifikia. Nilipaka madebe rangi nyekundu yawe maboya, nikaazima kile kipande cha reli cha shuleni kiwe kengele ya kuanzia. Kila neno langu kwake lilipitia kwa Bartholomeo Kalinga, mhasibu wa shamba, ambaye ndiye angeanzisha mbio na kukaa kwenye mtumbwi wa uokoaji. Mzee alikuwa anasimama nyuma ya ukuta wa banda, mgongo umenielekea, na Kalinga anakwenda na kurudi na maneno yetu, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Mufindi.

"Mwambie huyo," mzee alikuwa anasema, kwa sauti ambayo ningeisikia hata ningekuwa Iringa mjini, "boya la tatu amelitega kijinga."

Nami namwambia Kalinga amwambie kwamba boya halihami.

Watu wa Mbeya, wageni waliokuja kushindana nasi, walifika Jumamosi wamechelewa, vidau vyao vimefungwa juu ya lori la mbao. Kiongozi wao, Liberatus, mwalimu wa ufundi anayekaa mtaa wa Soweto huko huko Mbeya, alishuka akicheka. Mwenzake wa mbele alishushwa amekunjamana kama gunia tupu. Walisimama Igawa kununua mchele, wakala na samaki, na samaki yule tangu Makambako alikuwa anadai kutoka. Liberatus akaniomba kwa upole, "Shangazi, niruhusu kesho niende peke yangu, nitaweza." Nilikataa. Nilikuwa na hasira za siku nzima na hakuna mtu mwingine wa kuzimwagia. Nikamwambia vidau hivi ni vya watu wawili, wawili wanaanza na wawili wanamaliza, na asiyetaka sheria hiyo arudi zake Mbeya na lori lake. Liberatus akaenda jikoni kutafuta wa kumkalia mbele, akamwomba Apolonia, mpishi wangu, mama mnene ambaye hajawahi kukaa kwenye chombo chochote zaidi ya baiskeli. Apolonia akavua aproni akaenda. Nikabaki na sufuria za wali peke yangu.

Alasiri hiyo tulifanya mbio za kujipima, na ndipo nilipoonyeshwa yatakayokuja. Majini kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: anayepata upepo kwa mkono wa kulia ana njia, anayeupata kwa kushoto humpisha. Nilikuwa na upepo wa kulia, naelekea boya la mwisho. Mzee akaja na upepo wa kushoto, akanilenga moja kwa moja. Kutoka mbele Isakwisa akasema taratibu, "Geuza. Ni baba." Mkono wangu ukageuza wenyewe. Ni miaka sita nilikuwa nakimbilia vichakani nikimwona njiani, na mwili hauulizi kama uko njiani au majini. Nikazungusha kidau, nikainamisha uso, na yeye akapita mbele yangu akiimba wimbo wa kanisani.

Kalinga aliona yote. Akaniambia ninaweza kumshitaki kwa kamati, ila kwa sheria mlalamikaji na mlalamikiwa husimama uso kwa uso. Akasema hivyo halafu mwenyewe akaona aibu. Mzee alikuwa anaijua sheria hiyo vizuri kuliko sisi sote. Kwa adabu yangu alikuwa amejitengenezea njia kuu katikati ya bwawa, na kesho angepita tena humo humo.

Jioni nilipakua wali wa wageni bila kusema na mtu. Isakwisa akaja kukaa karibu na moto, akasema labda ingekuwa heri mwaka huu tumwachie mzee, umri umekwenda, tutapata amani. Nikamuuliza amani ya nani. Akasogeza kuni motoni. Nilimpenda mume wangu, lakini jioni ile nilitamani kumpiga mwiko wa wali.

Jumapili ukungu ulikwisha mapema na upepo ukashuka kutoka milimani mkali na baridi. Kina mama wa Kinyakyusa na wazee wao wanaofanya kazi kiwandani walitoka kanisani wakajaa ukingoni. Nilivaa koti la kuelea, na juu yake nikajitanda kanga kichwani, nikaifunga vizuri. Isakwisa akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni baridi.

Kalinga akagonga reli. Tulianza vizuri, na kufika boya la pili tulikuwa wa kwanza, mzee anatufuata, Liberatus nyuma yake huku Apolonia akipiga kelele kila kidau kilipoinama. Tulipozunguka boya la tatu, lile lililotegwa kijinga, mzee alitugawia bwawa: sisi upande huu, yeye upande ule. Nikajua tutakutana wapi. Tukageuza kuelekea mwisho nikiwa na upepo wa kulia, na pembeni ya tanga nikaliona lake likija na upepo wa kushoto, likinilenga kama jana. Saulo, mshika kamba wake, alikuwa anampungia mkono kumwonyesha. Mzee wala hakumtazama. Alikuwa anaimba.

Nilishusha kanga mpaka kidevuni.

Ndivyo nilivyofundwa. Akitokea, jifunike uso. Nikajifunika, adabu tupu, na kila mzee aliyesimama ukingoni akaona mkwe wao anavyojua kutii. Mkono wa usukani niliuacha palepale ulipo. Ndani ya kanga nilisikia upepo kwenye shavu la kulia, na kadiri ulivyobaki kwenye shavu hilo nilijua nakwenda sawa. Sikuhitaji macho.

"Rozalia, geuza," Isakwisa akasema. "Ni baba."

Sikugeuza.

"Rozalia. Anakuja kweli."

Wimbo ukakatika. Nilisikia Saulo akilia jina la Mungu, kisha tanga likapiga kishindo karibu kabisa na kichwa changu, maji yakaturukia, na kitu kikubwa kikaanguka bwawani. Mzee alikuwa amepinda dakika ya mwisho, upepo ukamkamata vibaya na kidau chake kikalala ubavu. Sisi hatukuguswa hata na kamba.

Alikuwa na koti la kuelea. Mtumbwi wa Kalinga ulikuwa umekwisha kuondoka gatini. Niliuandaa mimi mwenyewe na kuwapanga wapiga kasia mimi mwenyewe, na niliyasikia makasia yao. Nayasema haya ili mtu asije akaniambia kwamba nilimwacha afe. Maji yalikuwa baridi, ndiyo. Hata mimi yaliwahi kunichoma nilipopinduka, na siku hiyo yeye alicheka.

Ndipo akaita.

"Rozalia! Mwanangu, nipe mkono!"

Miaka sita kwake nilikuwa "huyo" tu. Ukingo wote ukasikia jina langu kinywani mwake. Mimi nilikuwa mkwe mwema, nimefunikwa, sisemi na baba wa mume wangu. Nikakaza kamba.

Kidau kikaruka juu ghafla, chepesi, kikayumba. Nikaifunua kanga usoni. Mbele hapakuwa na mtu. Isakwisa, yule anayefumba macho upepo ukikaza, alikuwa majini, anaogelea kurudi kwa baba yake.

Nilimaliza wa kwanza, mbali sana mbele ya wengine. Kijana aliyeachwa kwenye reli aliinua nyundo, akanitazama mimi, akatazama nafasi tupu mbele yangu, akaishusha. Wawili wanaanza na wawili wanamaliza. Aliigonga reli Liberatus alipopita, huku Apolonia akiwa ameshika mlingoti kwa mikono yote miwili akiuliza kama imekwisha.

Funguo za banda la Mufindi zikaondoka na lori kwenda Soweto, Mbeya. Liberatus alizipokea kwa heshima, akaniambia nikitaka kuingia majini nimwandikie. Sikuona kejeli usoni mwake, na hilo liliniuma zaidi.

Wazee wa Kinyakyusa walimaliza shauri lao pale pale ukingoni. Hawakunilaumu hata kwa neno moja. Walimzunguka mzee akiwa ndani ya blanketi, meno yanagongana, wakamwambia aliyevunja mwiko ni yeye: amemkaribia mke wa mwanawe, amemwita jina mbele ya watu, hata mkono ameomba. Mkwe amejifunika kama mila inavyotaka. Mmoja wao alikuja kunisifu, akasema wake zao wenyewe siku hizi hawana adabu ya namna hiyo. Mzee akaondoka kwa njia yake na mimi nikabaki kwenye yangu. Niliusubiri ushindi uingie moyoni, na kidogo uliingia. Sitasema uongo.

Isakwisa nilimkuta nyuma ya banda anakamua shati. Nikaanza kukunja tanga peke yangu, na tanga lililolowa si kazi ya mtu mmoja. Alinitazama nikihangaika nalo, hakuja kushika upande wa pili.

"Ungemwacha," akasema.

"Kalinga alikuwa anakuja. Na mimi nilikuwa nimefunika uso. Sikuona kitu."

Akaning'iniza shati kwenye msumari, akalinyoosha mikono.

"Masikio hukufunika," akasema.