Mwavuli wa Asiye na Neno

Duka la miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege lilikuwa mwisho wa barabara ya uwanja wa ndege, baada ya gereji. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza fundi alikuwa amelaza mwavuli wa kitambaa cha kijivu, anakikagua mshono kwa mshono huku chai yake ikipoa.

Kitindamimba aliingia akitoka kazini, mikono bado ikinukia sabuni ya nguo. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Watu wote walimwita jina hilo la mtoto wa mwisho, hata kazini, ingawa mvi zilishaanza kumchungulia. Mafunzo ya kuruka alikuwa ameyamaliza kwa miavuli ya kuazima, na sasa mwalimu wake alimtaka awe na wa kwake.

"Nataka ule mwekundu," alisema, akionyesha mwavuli mdogo uliotundikwa dirishani.

"Huo ni wa walioizoea anga, dada. Mdogo unakimbia, unakubwaga. Mwavuli wa kwanza hauchaguliwi kwa macho. Panda mizani, na viatu vyako hivyo hivyo."

Alipanda. Mshale ukasimama kwenye kilo sitini. Fundi aliutazama, hakuridhika.

"Nyumbani unasikilizwa?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kawaida katika kazi ile. Mtu ambaye neno lake halina uzito, mwili wake nao hupungua pale wakubwa wanapoamua mambo yake. Fundi alishawahi kumuuzia mwavuli karani mmoja mpole, akaruka siku ya kikao cha ofisi yao, na mpaka leo hajatua. Jioni zenye mawingu hupita juu ya soko, na wauza mboga humpungia mkono.

Hapo Kitindamimba angesema kweli, mambo yangekuwa mepesi. Kweli yenyewe ni kwamba kaka zake wawili walitaka kuiuza nyumba aliyoishi na mama yao, na mama wamweke chumba cha uani kwa kaka mkubwa, nyuma ya tangi la maji. Yeye alikuwa amekataa mara nyingi. Kila alipokataa, visigino vyake viliachana na sakafu, na mama alimshika pindo la gauni huku akiendelea kumenya viazi. Lakini mambo ya nyumbani huishia nyumbani. Mtu hamwanikii fundi aibu za ndugu zake.

"Nasikilizwa sana," alijibu. "Hakuna linalofanyika bila mimi."

Fundi alimtazama kidogo, kisha akakunja kile kitambaa cha kijivu kilichokuwa mezani. "Basi chukua huu. Umetumika, ila mzima. Mwavuli mpana unamsamehe mwanafunzi makosa yake. Lakini kama umenidanganya, hautakushusha."

Jumamosi akaruka. Mwavuli ulifunguka vizuri, kelele za ndege zikaenda zao, na ukaja ule ukimya alioupenda kuliko kitu chochote duniani. Chini aliona mashamba, mapaa ya bati, mstari mweupe wa barabara. Uwanja ulikuwa unamjia polepole. Kisha ukaacha kuja.

Alidhani ni upepo. Halafu viatu vikaanza kumpwaya, na chozi lililomtoka, badala ya kushuka shavuni, likapanda kwenye paji la uso. Akajua kikao kimeanza. Kaka mkubwa alikuwa amekiitisha saa hiyo makusudi, akijua hatakuwepo.

Hewa ikamchukua bila haraka, ikampitisha juu ya shule, juu ya kituo cha mafuta, mpaka juu ya paa la kwao. Uani kaka zake walikuwa wameketi na dalali. Mama alikuwa kwenye kigoda, chini ya kamba ya kuanikia.

"Na mdogo wenu je?" dalali aliuliza.

"Huyo hana neno," alijibu kaka mkubwa.

Kitindamimba akapanda juu kidogo. "Ninalo!" alipiga kelele. "Ninalo neno!"

Mama aliinua uso. "Anasema analo."

"Ni upepo, mama," alisema kaka wa pili.

"Upepo nimeuzaa mimi? Ngojeni mwanangu ashuke kwanza."

"Mama, mgeni ana safari nyingine."

Mama alipoona visigino vyake mwenyewe vinaiacha ardhi, alishika mti wa kamba, kama alivyozoea. Akaifungua kamba, akafunga kandambili yake kwenye ncha, akairusha juu. Kitindamimba akaidaka. Mama akaanza kuvuta, lakini badala ya mtoto kushuka, mama ndiye aliyeanza kupanda. Kaka mkubwa, bila kukatisha maneno yake kuhusu bomba la jikoni, akanyoosha mguu akaikanyaga kamba. Alikuwa ndugu mwema kwa kiasi hicho.

Mama akavuta tena, na Kitindamimba akatua katikati ya shuka zilizolowa, zilizodondoka kambani. Akasimama, akasema neno lake lote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyembishia. Walimwambia wamemsikia, wakampa dalali funguo. Iliuma kuliko kuanguka.

Nyumba ilipopata wenyewe wapya, alirudi dukani na mama yake.

"Nilikudanganya, fundi."

"Najua. Nilikuona ukipita." Fundi akamgeukia mama. "Na wewe mama, unataka kuruka?"

"Chumba nilichopewa hakina dirisha," alisema mama.

"Basi mtaruka pamoja. Pandeni."

Walipanda wote wawili. Mshale ulitikisika kidogo, ukalala karibu na sifuri. Fundi akaenda dirishani, akautungua ule mwekundu, mdogo kuliko yote. "Huu utawatosha," alisema. Kisha, akiwa ameushika mkononi, akauliza, "Ila mama, wewe unaonaje? Unapenda rangi gani?"

Akasubiri jibu. Mama alichelewa kujibu, maana ilikuwa zamani tangu aulizwe kitu. Alisema nyekundu inamchosha macho. Alisema anapenda buluu, lakini si buluu yoyote, ile iliyofifia ya mlango wa jikoni kwake, ambao aliupaka rangi kwa mkono wake, na sasa unafunguliwa na watu wengine. Alisema yote hayo taratibu, na fundi hakumkatiza.

Mshale ukainuka, ukasogea, ukasimama.

Fundi aliutazama. Akautundika mwavuli mwekundu dirishani, akaenda kutafuta mkubwa zaidi.