Jeshi la Kobe Juu ya Mlango Wangu

Mlango wa chumba changu waliung'oa nilipotoka hospitali, ili nikianguka tena wasikie. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, si mtu wa kutupa kitu. Aliulaza ule mlango sebuleni juu ya meza mbili fupi, akaupaka rangi ya majani, akagundisha vilima vya sponji na utepe wa buluu ukawa mto. Hapo ndipo anapopigania vita vyake. Basi mimi nalala chumba kisicho na mlango, na mlango wangu uko sebuleni umebeba majeshi.

Hilo silalamikii. Nimelala juu ya magunia ya chumvi, nimelala chini ya matrela, mlango ni anasa. Kinachonikaba koo ni geti. Tuko ghorofa ya nne. Ukifungua mlango wa kutokea unakutana na geti la chuma, na kwenye geti kuna kufuli kama ngumi. Binti yangu anasema ni kwa ajili ya wezi. Mwizi gani anafungiwa ndani? Ni kwa ajili yangu. Mara mbili nimetoka kwenda kununua wembe nikarudishwa na wasamaria wema, na mara ya pili walinirudisha kutoka mji mwingine.

"Baba, wewe ni kiguu na njia," aliniambia siku ile, "na hicho kiguu chenyewe sasa kina chuma ndani."

Yeye ni muuguzi, chuma hicho amekiona kwenye picha. Katika nyumba ile mlango pekee ninaoweza kuufunga kwa mkono wangu ni wa choo, na hata huko nikikawia wanagonga.

Sasa, nina rafiki dereva wa lori. Nilikuwa utingo wake enzi hizo, tukala vumbi pamoja hadi meno yakawa mekundu. Wiki ile alinipigia simu. Njia yake ya bara kampuni inampa kijana, yeye wanampumzisha. Alikuwa na safari moja tu iliyobaki, na angepita chini ya nyumba yetu Ijumaa mchana.

"Pale hapaegeshwi," alisema. "Nitapiga honi tatu. Ya tatu ikiisha naondoka, maana trafiki wa pale hana dini. Nimekutandikia nyuma ya kiti."

Si kwamba kulikuwa na mtu wa kunipokea mwisho wa safari. Nilitaka kusikia gia ikishuka mlimani, na harufu ya breki, na chai ya kunywa nimesimama. Baada ya hapo hakutakuwa na lori jingine. Nani atampakia mzee mwenye chuma pajani? Nikapanga nguo zangu, begi nikalificha nyuma ya kochi.

Ijumaa binti akaenda zamu. Mkwe alibaki. Yeye ni fundi miwani, kutwa anasugua vioo vya watu, na jioni anavaa kile kioo chake cha jicho moja anapaka rangi askari wa plastiki wasiozidi kidole gumba. Hata kope anawachora. Siku ile aliomba ruhusa kazini kwa sababu kesho yake alikuwa na mashindano, na ufunguo wa geti ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake.

"Baba, leo nakuomba," alisema. "Nimepanga jeshi jipya sijalijaribu. Yule kinyozi niliyekuwa nacheza naye amehama."

Mchezo wenyewe alishanifundisha wakati mguu uko kwenye plasta. Kila askari ana thamani yake kwa pointi, na kila upande una pointi sawa za kutumia. Mmoja atachagua wengi dhaifu, mwingine wachache wababe. Mnapeana zamu, mnasogea kwa kupima na utepe, mkikutana mnarusha dadu. Anayenyakua bendera ya mwenzake ameshinda. Pigano lenyewe ni rahisi, shida ni kuchagua uende na nani, na huwezi kujua kama umechagua vizuri mpaka mtu akupige.

Jeshi lake jipya aliliita Kobe. Ngao tupu, safu kwa safu, na mizinga miwili katikati. Haliendi mbio, ila likija linakuja. Mimi alinipa jeshi lake la zamani la wapanda farasi na wapiga ngoma wachache, ambalo kila mashindano lilimtia aibu.

"Na nikikuvunja?" nikamuuliza.

"Kobe havunjiki, Baba."

"Nimeuliza nikikuvunja."

"Haya, unataka nini?"

Nikamtazama kiunoni. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Mwanao ataniua."

"Muuguzi huyo. Atakuua kisha akutibu."

Alizungusha dadu vidoleni. Mkwe wangu si mtu mbaya. Nadhani lile geti lilikuwa linamuuma hata yeye, ila kwa mkewe hana sauti, na Kobe wake alimwamini kuliko benki. Akauchomoa ufunguo, akauweka juu ya kilima cha sponji.

"Ukinyakua bendera yangu, ufunguo ni wako. Nitasema nilisinzia. Ila haya ni majaribio, Baba, na kwenye majaribio mtu akikosea tunarudisha hatua. Hatumpimi mchezaji, tunalipima jeshi."

Nikasema sawa. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuifaidi sheria hiyo, maana zamu ya pili tu niliingiza farasi wangu bora kwenye kinamasi. "Rudisha, rudisha," alisema, "huko utajifunza nini?" Nikarudisha.

Jamani, Kobe alikuwa anatisha. Hakunipiga. Alisogea tu. Kila zamu zile ngao zilikula vidole viwili vya uwanja, na kila nilipopeleka farasi huku nikakuta ukuta, kule ukuta, nyuma mto usiovukika. Mizinga ikasafisha katikati. Nikabaki na kona moja ya mlango, pale bawaba zilipokuwa, na vikosi vyangu vimebanana kama dagaa. Nikaanza kuhema. Mkwe akaniuliza kama nataka maji.

"Nataka nafasi," nikamwambia.

Akaingiwa na tamaa. Alitaka kunimaliza upesi, akausukuma mzinga wa kushoto mbele, na nyuma yake pakabaki upenyo wa farasi mmoja. Nikapenyeza kikosi changu chepesi hadi kwenye bendera, nikahitaji tano au sita. Nikarusha. Dadu ikagonga kilima, ikagonga ufunguo, ikalala sita.

"Haiwezekani," alisema.

"Soma mwenyewe, wewe ndiye mwenye miwani."

Akapiga magoti, jicho likawa usawa wa meza, akautazama ule upenyo kama anayetazama tundu kwenye suruali yake mbele za watu. Kisha, nimpe haki yake, akauchukua ufunguo akanipa kwa mikono miwili. Nikautia mfukoni mwa shati. Nikalitoa begi nyuma ya kochi, nikasimama dirishani. Barabara ilikuwa na mabasi, baiskeli, mwanamke na ngazi ya alumini. Lori bado.

"Baba."

"Ehe."

"Turudishe ile moja. Ile ya mzinga tu."

"Nimeshinda mimi."

"Umeshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na nimekubali, ufunguo unao. Lakini kesho sitaki kuumbuka. Nisiposogeza mzinga, Kobe anashika au hashiki? Hilo tu. Au ilikuwa bahati ya dadu?"

Laiti angeniomba tu bila kulitaja lile neno bahati! Nimevuka mito kwa kamba, nimepita vizuizi bila karatasi, na kila mara kuna mtu kando anasema bahati. Nikaliweka begi miguuni. Nikakaa.

Tukarudisha. Mzinga ukarudi nyuma, upenyo ukafungwa, na mimi nikawa tena kwenye kona ya bawaba. Nikatazama. Nikainama, nikatazama upande wa pili. Palikuwa hapana njia, ila mimi najua kwamba hakuna mahali pasipo na njia, kuna mahali ambapo hujakaa vya kutosha. Nikakaa.

Honi ikalia. Ile honi naijua kama kikohozi cha baba yangu.

"Baba, huyo!"

"Nimesikia. Hawa wakipita kandokando ya mto?"

"Hawapiti. Baba, honi."

"Pima kwanza, usiniambie kwa mdomo."

Akapima. Hata yeye hakuweza kujizuia, mikono ilichukua utepe yenyewe. "Umepungukiwa ukucha mmoja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko kweli.

Honi ya pili. Nikasimama, begi mkononi, ufunguo mkononi. Kusimama ndiko kulikoniponza. Kutoka juu nikaona kitu ambacho nilipokaa sikukiona: nikimtupia Kobe wale wapiga ngoma wangu awale, ngao za kulia zitageuka, na zikigeuka, ubavu wake wote uko wazi.

"Wapiga ngoma mbele," nikasema.

"Utawapoteza!"

"Ndiyo. Geuza ngao zako."

Akageuza. Akaona. "Lahaula! Baba, rusha basi uende! Rusha haraka!"

Nikarusha nikiwa nimesimama. Ikaja nne. Nne ilinitoa kwenye kona, ilinifikisha ubavuni, haikunifikisha kwenye bendera. Ilibaki mrusho mmoja. Mmoja! Na honi ya tatu ikaanza, ndefu, ya mtu anayejua kwamba ni ya mwisho.

"Ngoja," nikasema.

Nililiambia lori. Kutoka ghorofa ya nne, sebuleni, kwa sauti ya kuombea chumvi mezani. Mkwe wangu alikuwa ameshakimbilia dirishani, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele, "Anakuja! Anakuja huyo!" na mimi nikarusha. Tatu. Tatu si kitu.

Ndipo nikaenda. Paja lilinikatalia hatua za kwanza, kisha likakubali. Kufuli halikuleta ubishi, lilifunguka kama lilikuwa linaningoja siku zote. Nikafika kwenye ngazi nikasikia basi limepiga honi ya matusi huko chini, halafu injini. Moja. Mbili. Alivyobadilisha gia kwenda ya tatu nikajua amefika mzunguko. Ya nne sikuisikia, ilimezwa na mji.

Nikabaki pale kwenye kibaraza cha ngazi. Geti liko wazi nyuma yangu, ngazi ziko wazi mbele yangu, hakuna aliyenishika. Begi lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Mkwe akatoka akasimama karibu, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikuambia, Baba. Nilikuambia huyo."

"Uliniambia."

"Ningekubeba mgongoni kama ungesema."

"Najua, mwanangu."

Tungesimama pale hadi binti arudi. Lakini paka wa jirani alipita katikati ya miguu yetu, mkia juu, akaingia ndani kama mwenye nyumba, na mkwe wangu akapiga ukelele ambao hakuupiga hata kwa lori. "Askari! Baba, askari wangu!" Akamwahi paka akiwa ameshapandisha mguu mmoja juu ya kona ya bawaba, akamtoa mbio, akamtupa nje. "Geti, Baba! Funga geti, huyo anarudi!"

Nikaingia. Nikavuta geti, nikapitisha kufuli, nikalibana mpaka likalia. Paka akakaa upande wa pili akatutazama kupitia nondo.

Nikarudi mezani, nikakaa pale nilipokuwa. Wapanda farasi wangu walikuwa ubavuni mwa Kobe, wamesimama kama nilivyowaacha.

"Zamu ya nani?" nikauliza.

"Yako," alisema mkwe wangu, na hakunitazama usoni.