Kigoda Kando ya Kitanda

Siku mgeni aliposhuka Mlima wa Shingo na kigoda kichwani, nchi ya Daimani ilikuwa imetimiza mwaka wa arobaini bila mtu hata mmoja kufa. Hivyo ndivyo ilivyochongwa kwenye ubao wa jiwe mbele ya kasri, na hivyo ndivyo watoto walivyokariri shuleni kila asubuhi. Ilikuwa nchi ndefu na nyembamba, iliyolala bondeni kama mkufu uliodondoka, yenye mashamba ya mtama yasiyokwisha, mto wenye maji ya rangi ya chai, na mji mmoja tu uliojengwa kwa kupanda juu, nyumba juu ya nyumba na ngazi juu ya ngazi, hadi kileleni ambako Mtukufu Mdumu aliketi juu ya Kiti. Kiti hicho kilikuwa na vidato arobaini. Kila mwaka kiliongezwa kidato kimoja, kwa sababu Mtukufu alitaka kifo, kama kingethubutu kuja, kichoke njiani.

Kwa kuwa Mtukufu ameketi, wengine wote walisimama. Sheria hii ilibana zaidi katika Jumba la Ushindi, hospitali yenye kuta nyeupe zilizoumiza macho, ambako matabibu walisomeshwa miaka saba. Walifundishwa kupasua, kuunga mifupa na kusoma damu, na kazi hizo walizifanya kwa ustadi ambao ingekuwa dhuluma kuukana. Lakini tabibu aliyeketi kando ya mgonjwa alihesabika kuwa amesalimu amri, na kwa hiyo wodini hapakuwa na kiti wala benchi. Kila asubuhi Tabibu Mkuu Kidari, mtu ambaye kifua chake kiliingia mlangoni kabla yake, aliongoza msafara wa wanafunzi, na mbele ya kila kitanda alinguruma, "Ushindi!" Mgonjwa alipaswa kuitikia, "Wetu!" Aliyeshindwa kuitikia asubuhi tatu mfululizo alitolewa kwa mlango wa nyuma, akapelekwa kwenye Banda la Wasafiri, lenye paa la bati na lisilo na tabibu, na baada ya siku chache daftari liliandikwa: amesafiri. Maseremala walitengeneza masanduku marefu yaliyoitwa masanduku ya safari, na hakuna aliyeuliza kwa nini wasafiri hawakuleta salamu.

Mgeni mwenyewe aliitwa Bi Nyamizi, tabibu wa nchi ya nyuma ya mlima, mwanamke mfupi mwenye mvi na miguu iliyojaa vumbi. Askari wa lango alimzuia.

"Umebeba nini, mama?"

"Vifaa vya kazi."

"Mbona naona kigoda na chupa moja?"

"Basi umeona vyote, mwanangu."

Tabibu Mkuu Kidari alipoelezwa kwamba mgeni amekuja kuwafundisha matabibu namna ya kumhudumia mtu asiyeweza kupona, alicheka mpaka akashika ukuta. "Asiyeweza kupona! Hapa Daimani hatuna mtu wa namna hiyo. Mpelekeni bandani, akawaage wasafiri, maana ni msafiri mwenzao." Kisha, ili mzaha ukamilike, alimtuma mwanafunzi mmoja akamchunge. Huyo alikuwa Zuhuri, aliyebakiza siku tisa tu kufungwa mshipi mweupe, ule ambao bila ya kuwa nao kiunoni tabibu wa Daimani haruhusiwi kumgusa mgonjwa wa Jumba la Ushindi maisha yake yote.

Kwenye kitanda cha kwanza bandani alilala Fundi Kalumbi, seremala mzee ambaye uvimbe ulikuwa umemmaliza tumboni na kushika mifupa. Zuhuri alisimama mbele yake, akanyoosha mgongo kama alivyozoea.

"Ushindi!"

"Wako, bibie," alijibu mzee. "Mimi hapa naumwa kiuno."

Bi Nyamizi alikiweka kigoda chini. "Keti umuulize."

"Nimuulize nini? Daftari lake nimelisoma lote."

"Kwa hiyo unalijua daftari."

Zuhuri aliketi. Katika miaka saba magoti yake hayakuwahi kukunjwa mbele ya mgonjwa. Kutoka pale chini aliona vitu ambavyo mtu aliyesimama havioni: midomo iliyopasuka kwa ukavu, shuka lililojikunja chini ya mbavu, na macho yaliyokuwa yakimtazama yeye, siyo dari. Alianza kutaja dawa anazozijua, moja baada ya nyingine, hadi Bi Nyamizi alipomgusa bega. "Nyamaza kwanza. Yeye ndiye mwenye maumivu. Mpe nafasi aseme."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Zuhuri alijifunza kwamba maumivu yana saa zake, na kwamba dawa chungu ya kwenye chupa hutolewa kwa matone kabla maumivu hayajarudi, siyo baada ya mtu kupiga kelele. Alijifunza kulowesha midomo kwa kitambaa, kumgeuza mgonjwa bila kumburuta, na kuuliza, "Unaogopa nini?" kisha kungoja jibu. Siku ya tatu Fundi Kalumbi, aliyekuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mavuno, alimtazama akamuuliza, "Nitapona?"

Neno la miaka saba lilimjia mdomoni. Alilimeza.

"Hapana, Mzee. Hutapona. Lakini maumivu yako naweza kuyapunguza, na sikuachi."

"Afadhali," alisema mzee. "Nilishachoka kuwasaidia kudanganya." Kisha akaomba uji, akanywa vijiko vinne, akasimulia. Kile Kiti cha kasri ni yeye aliyekitengeneza. "Kila mwaka waliniita niongeze kidato. Nilijua ninakosea, nikaongeza tu. Sasa hata maji anapandishiwa kwenye ndoo, kwa kamba na kapi. Nimemjengea mtu upweke, bibie, na nikapigiwa makofi." Akamshika Zuhuri mkono. "Nitakapoanza kuondoka, usisimame."

"Sitasimama."

"Hata wakikuita?"

"Hata wakiniita, Mzee."

Habari haikai hospitalini bila kutembea. Wanafunzi wengine walianza kupenya kwa mlango wa nyuma, mmoja akibeba ndoo ya kukalia, mwingine kinu, mwingine gunia la mtama, na banda ambalo zamani lilijaa vilio likaanza kusikika mazungumzo, na siku moja kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomfikia Kidari. Siku ya saba Bi Nyamizi alitolewa nje ya mpaka. Aliondoka akiwa mikono mitupu. Chupa na kigoda alimwachia Zuhuri, akamwambia tu, "Mimi nina kingine nyumbani."

Asubuhi ya siku ya tisa uwanja wa kasri ulipambwa. Kidari aliwapanga wanafunzi wote chini ya Kiti, mshipi mweupe wa kila mmoja ukiwa umekunjwa mezani, na jina la asiyekuwepo lingeitwa mara tatu, kisha mshipi wake ukatwe. Asubuhi hiyohiyo pumzi ya Fundi Kalumbi ilibadilika, ikawa ya kwenda na kusita. Zuhuri aliijua. Alivuta kigoda karibu na kitanda.

Kidari alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa banda. Sauti yake haikuwa ya kunguruma. "Miaka saba, binti. Nimekufundisha mimi mwenyewe kushika kisu. Ni hatua mia mbili tu mpaka uwanjani. Simama, ukafungwe mshipi wako, kisha urudi."

"Akiondoka nikiwa njiani?"

"Hatajua!"

"Mimi nitajua, Tabibu Mkuu."

Magoti yake, kwa mazoea, yalikuwa yameanza kunyooka. Aliyakunja tena. Kidari alitazama kigoda, akaondoka. Baada ya muda tarumbeta ililia, na jina la Zuhuri likaitwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kati ya uwanja na banda palikuwa na kuta nne, lakini yeye aliapa baadaye kwamba aliusikia mkasi. Alilia kidogo bila kuuachia mkono wa mzee, akafuta machozi kwa bega, akamlowesha midomo.

Kisha uwanja ukanyamaza vibaya. Vishindo vya mtu anayekimbia vilikuja, na Kidari akatokea tena mlangoni, safari hii kifua kikiwa kimemwingia ndani.

"Mtukufu ameanguka pale juu," alisema akihema. "Tumesimama chini tukapaza sauti, Ushindi, Ushindi, na haitikii. Neno moja tu ametamka. Anauliza yuko wapi yule anayejua kuketi."

Pumzi ya Fundi Kalumbi ilikwenda, ikasita, ikarudi.

"Mwambieni nitakuja," alisema Zuhuri. "Huyu nilimwahidi kwanza."

"Huyu ni seremala!"

"Ndiye. Alikijenga Kiti, anajua hakuna nafasi ya kigoda kwenye vidato vile. Kama Mtukufu anataka mtu wa kuketi naye, mshusheni."

"Kushuka? Miaka arobaini hajashuka!"

"Basi muulizeni yeye. Mgonjwa ndiye wa kuulizwa."

Kidari aligeuka pole pole, kama mtu anayetafuta njia katika nyumba yake mwenyewe. Pale uwanjani, husimulia watu, wanafunzi watatu walikuwa tayari wamefungua mishipi yao, wakaiunganisha kwa mafundo na kuifunga kwenye ile kamba ya ndoo. Muda mfupi baadaye kapi la kasri lilianza kulia, kwiii, kwiii, na mji mzima ukainua macho. Wengine husema Mtukufu alikuwa anashuka. Wengine husema ilikuwa ni ndoo tupu ikipanda kama kila siku.

Zuhuri hakutoka nje kutazama. Pumzi ilikwenda, ikasita, na mara hii haikurudi. Jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi kwenye miguu ya kigoda. Alifunga macho ya mzee, akamnyooshea shuka chini ya mbavu, na huku sauti zikimwita kutoka kileleni, aliendelea kuketi kidogo zaidi, mkono ndani ya mkono, kwa sababu alikuwa ameahidi kutosimama wakati mzee anaondoka, na hakuwa na hakika kama ameshafika.